Padi ya Gemu Ikikatakata, Usikimbilie Kuitupa

Padi isiyo na waya ikikatika katikati ya mechi, wengi husema imekufa au betri imechoka. Mara nyingi padi ni nzima. Tatizo liko nyuma ya kompyuta ya mezani.

Bluetooth, njia inayoiunganisha padi na kompyuta bila waya, hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Kumbe matundu ya USB 3.0, yale ambayo mara nyingi huwa ya buluu, yakiwa kazini hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Chomeka kidude cha Bluetooth, kile kipokezi kidogo cha USB, ubavuni mwa diski ya nje inayonakili mafaili, halafu uone: unabonyeza kitufe cha kuruka, mchezaji anaruka akiwa ameshatumbukia shimoni. Ongeza boksi la chuma la kompyuta lililokaa kati yako na kidude, mawimbi yanazidi kuzibwa.

Dawa ni rahisi hadi inaudhi: waya wa kurefushia wa USB 2.0, kidude kiletwe juu ya meza.

Kama Bluetooth imo ndani ya ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, zitafute zile antena zilizokuja nao. Watu hudhani ni za Wi-Fi tu, wakaziacha kwenye nailoni. Bluetooth nayo huzitegemea hizohizo.