Kipimo cha Nguvu Kabla ya Ajira: Kinapima Kazi au Umbo la Mtu?

Tawney Meiorin alikuwa amefanya kazi ya kuzima moto wa misitu katika jimbo la British Columbia, Kanada, kwa miaka mitatu, na wakubwa wake waliridhika na utendaji wake. Serikali ya jimbo ikaleta masharti mapya ya utimamu wa mwili, likiwamo la kukimbia kilomita 2.5 ndani ya dakika 11. Vipimo vingine alivifaulu. Mbio alijaribu mara nne, na muda wake bora ukawa dakika 11 na sekunde 49.4. Akapoteza kazi.

Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Kanada, ambayo mwaka 1999 iliamua arudishwe kazini. Mahakama haikusema kwamba wazimamoto wasipimwe. Ilichouliza ni hiki: ni wapi ilipothibitishwa kwamba asiyeweza kukimbia kwa kasi hiyo hawezi kuzima moto kwa usalama? Uthibitisho haukuwapo. Watafiti walioweka kiwango walikuwa wameeleza zaidi jinsi wazimamoto hodari wanavyofanya, badala ya kutafuta kiwango cha chini ambacho mtu akikikosa kazi inamshinda. Na matokeo yalikuwa mazito kwa upande mmoja: wanaume wapatao asilimia 65 hadi 70 walifaulu mara ya kwanza, wanawake asilimia 35 tu.

Sisi tunaoshughulika na afya na usalama kazini tunaunga mkono vipimo vya uwezo wa mwili. Anayeshindwa kuburuta mpira wa maji au kumbeba majeruhi kwenye ngazi anajihatarisha mwenyewe, anamhatarisha mwenzake, na anamhatarisha anayesubiri kuokolewa. Vivyo hivyo kwa mpakia mizigo anayepewa uzito unaozidi uwezo wa mgongo wake. Lakini kipimo kisichotokana na kazi yenyewe humwacha nje mtu anayefaa bila kumlinda yeyote.

Kwa hiyo mwajiri aanzie kazini, kabla hajanunua kifaa chochote cha kupimia. Mzigo una kilo ngapi? Unainuliwa kutoka sakafuni au mezani, na kufikishwa urefu gani? Mara ngapi kwa dakika, kwa saa ngapi, kuna mapumziko au hakuna? Majibu yapatikane kwa mizani na saa, kwa kuwaangalia wafanyakazi waliopo, wanawake kwa wanaume, wazoefu kwa wageni. Makisio ya msimamizi ofisini hayatoshi.

Hatua hii ikirukwa hata kipimo kinachofanana sana na kazi kinaweza kupotosha. Nchini Marekani, kiwanda kimoja cha kampuni ya Dial kilichotengeneza soseji kilianzisha mwaka 2000 kipimo cha kuinua fito zenye uzito wa ratili 35, takriban kilo 16, kama zile za kazini. Katika miaka iliyotangulia wanawake walikuwa asilimia 46 ya walioajiriwa. Baada ya kipimo wakawa asilimia 15. Kampuni ilijitetea kwamba majeraha yamepungua. Mahakama ya rufaa, mwaka 2006, ilizingatia kwamba majeraha yalikuwa yameanza kupungua kabla ya kipimo, kufuatia hatua nyingine za usalama. Tena, kazini mfanyakazi aliinua wastani wa mara 1.25 kwa dakika huku akipumzika. Kwenye kipimo waombaji waliinua kama mara sita. Uzito ulikuwa sahihi, mwendo haukuwa sahihi.

Kutumia urefu na uzito wa mwili badala ya nguvu ni njia dhaifu zaidi, na bado tunaikuta kwenye matangazo ya kazi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikataa mwaka 1977 katika shauri la askari magereza wa Alabama: kama nguvu ndiyo inayotakiwa, basi ipimwe nguvu.

Mfano mzuri ni mtihani wa wazimamoto unaotumika sehemu nyingi za Marekani na Kanada. Mwombaji huvaa fulana ya kilo 22.7 na kukamilisha kazi nane mfululizo, kama kupanda ngazi, kuburuta mpira na kumvuta sanamu wa majeruhi, ndani ya dakika 10 na sekunde 20. Tena hupewa nafasi ya kuviona vifaa na kuvifanyia mazoezi mapema. Hilo la mazoezi lina uzito mkubwa, kwa sababu kuinua na kuburuta ni ujuzi pia, na wengi hushindwa kwa kukosa mbinu tu.

Usalama wa siku ya mtihani nao usipuuzwe. Mwenye shinikizo la juu la damu, maumivu ya kifua au jeraha ambalo halijapona aseme kabla ya kuanza, na awepo mtu anayejua huduma ya kwanza.

Ewe mwombaji, uliza mapema utapimwa nini, kwa uzito gani na kwa muda gani, kisha fanya mazoezi ya vitu hivyohivyo kwa wiki kadhaa, ukiongeza uzito kidogo kidogo. Usijichoshe siku mbili za mwisho. Ukishindwa, omba kuelezwa ni sehemu gani imekuangusha na kwa kiasi gani, na kama unaruhusiwa kurudia. Mwajiri aliyeandaa kipimo chake kwa kuichunguza kazi anayo majibu hayo tayari.