Karatasi ya maabara ilisema "hakuna": kuhusu jeni za dimensha ya paji na panja

Mwanamke mmoja aliniletea karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Kaka yake mwenye umri wa miaka 54 alikuwa amepimwa jeni kwingine baada ya tabia yake kubadilika mno, na mstari wa mwisho wa karatasi ulisema kwamba hakuna badiliko lenye madhara lililoonekana. Dada huyo alikuwa amekwisha kuwajulisha ndugu zake wote kwamba ugonjwa ule haumo katika ukoo wao. Nilimwuliza baba yao alifariki kwa maradhi gani, naye akanieleza kwamba mzee alidhoofika mikono, kisha miguu, hatimaye akashindwa kumeza, na kwamba akili yake ilikuwa timamu hadi siku ya mwisho. Nikaisoma karatasi ile upya kuanzia juu, safari hii nikitafuta jambo moja tu: kipimo kilichofanywa kilikuwa cha aina gani.

Ugonjwa wenyewe nimezoea kuuita dimensha ya paji na panja, kwa kuwa huua seli za neva katika sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso na zile zilizo ndani ya panja zote mbili. Watu wengi huita dimensha yoyote ugonjwa wa kusahau, na mazoea hayo huwachelewesha wagonjwa hawa, maana mwanzoni wengi wao hukumbuka vizuri kabisa. Kinachowatoka ni staha, huruma, uwezo wa kujizuia, au lugha yenyewe. Mgonjwa ambaye Arnold Pick alimweleza huko Prague mwaka 1892 alikuwa amepungukiwa lugha, na ubongo wake ulikuwa umesinyaa upande wa panja. Kaka wa mwanamke huyu, aliyejulikana kwa upole, alikuwa ameanza kuchukua chakula kwenye sahani za wageni na kucheka mke wake alipolia. Mara nyingi dalili huanza kati ya umri wa miaka 45 na 65, wakati mtu bado ana kazi na watoto wa kulea, na familia hudhani ni ulevi, ukorofi au sonona kabla ya mtu yeyote kuufikiria ubongo.

Wagonjwa wengi hawana jeni moja inayoweza kutajwa kuwa chanzo. Hata hivyo, takriban theluthi moja wana historia ya maradhi ya namna hii katika familia, na pale chanzo kinapopatikana, jeni tatu hubeba sehemu kubwa ya mzigo: C9orf72, GRN na MAPT. Zote hurithiwa kwa njia ile ile, kwamba nakala moja yenye hitilafu kutoka kwa baba au mama inatosha, na kila mtoto, awe wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipokea.

Ya kwanza kufahamika ilikuwa MAPT, mwaka 1998. Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 17, mojawapo ya nyuzi za DNA zinazobeba jeni ndani ya seli, na hutoa maelekezo ya kutengeneza tau, protini inayoimarisha mirija midogo ambayo seli ya neva huitumia kama njia ya kusafirishia mahitaji yake. Baadhi ya mabadiliko huharibu umbo la tau moja kwa moja. Mengine huvuruga tu uwiano kati ya aina zake mbili, ambazo katika ubongo wa mtu mzima huwa karibu sawa kwa wingi. Kwa vyovyote vile, tau hujikusanya na kuganda ndani ya seli.

Kilichofuata kiliwasumbua watafiti kwa miaka minane. Kulikuwa na familia ambazo ugonjwa wao ulielekeza wazi kwenye eneo lile lile la kromosomu ya 17, lakini MAPT yao ilisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuonekana kosa lolote, na bongo za marehemu wao hazikuwa na tau iliyoganda. Jibu lilipatikana mwaka 2006: umbali wa herufi za DNA takriban milioni 1.7 tu kutoka MAPT kulikuwa na jeni nyingine, GRN, inayotengeneza protini iitwayo progranulini. Hapa ugonjwa hautokani na protini mbovu. Hutokana na upungufu, kwa kuwa nakala iliyoharibika huwa haizalishi kitu na seli hubaki ikitegemea nakala moja nzima. Ndiyo sababu kiwango cha progranulini kinaweza kupimwa katika damu ya kawaida na kutupa ishara hata kabla jeni haijasomwa. Mtu aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa tofauti kabisa, unaoanza mapema na ambao mabaki hurundikana katika laisosomu, yaani vyumba vya seli vya kuchakata taka. Jambo hilo limetufundisha kuwa progranulini ina kazi kubwa katika usafi wa ndani wa seli.

Jeni ya tatu, C9orf72, ndiyo inayoongoza kwa wingi, nayo ndiyo iliyonifanya niitilie shaka karatasi ya yule dada. Iko kwenye kromosomu ya 9, na kosa lake liligunduliwa mwaka 2011. Ndani yake kuna herufi sita, GGGGCC, zinazojirudia. Kwa kawaida marudio hayo hayafiki 30, na mara nyingi ni machache sana. Kwa wagonjwa hufika mamia au maelfu. Sasa fikiria kipimo alichofanyiwa kaka. Kilisoma tu sehemu za jeni zinazotafsiriwa kuwa protini, ilhali marudio haya yako nje ya sehemu hizo. Isitoshe, mashine ilisoma DNA kwa vipande vya herufi zipatazo 150, na kipande kama hicho kikiangukia katikati ya maelfu ya GGGGCC hakina alama yoyote ya kuonyesha kilitoka wapi wala ndugu zake ni wangapi. Neno "hakuna" katika karatasi ile lilikuwa la kweli, ila lilihusu mahali palipotazamwa tu, na hapa hapakutazamwa. Inaniuma kwamba maelezo hayo yaliandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa pili, mahali ambapo familia haiwezi kuutambua uzito wake.

Marudio hayo yana kipimo chake maalumu. Matokeo yakiwa mazuri, kwenye skrini huonekana vilele vichache kisha mstari unatulia. Marudio yakiwa mengi, vilele hufuatana kama meno ya msumeno, kila jino likiwa mbele ya lililotangulia kwa herufi sita na fupi kuliko hilo, hadi yanafifia bila kufika mwisho. Damu ya kaka ilipopimwa hivyo, msumeno ulionekana.

Kifo cha baba sasa kilieleweka. Badiliko hili hili la C9orf72 linaweza kumletea mtu dimensha ya paji na panja, na mwingine wa damu moja likamletea ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Wengine hupata yote mawili. Umri wa kuanza kuugua pia hutofautiana sana katika familia moja, hasa kwa C9orf72 na GRN, na wapo wabebaji, yaani watu waliorithi badiliko, wanaofikia uzee bila dalili. Sababu moja tunaijua kwa kiasi: jeni iitwayo TMEM106B, iliyotambuliwa mwaka 2010, ina umbo moja linaloonekana kuwakinga baadhi ya wabebaji wa badiliko la GRN.

Yako pia matokeo yasiyo "ndiyo" wala "hapana". Maabara nyingi hupanga mabadiliko katika ngazi tano, na ile ya katikati ni ya badiliko ambalo maana yake haijathibitika. Hifadhidata tunazolinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo mtu mwenye asili nyingine hupewa jibu hilo mara nyingi zaidi, kwa sababu tu tofauti ya kawaida kwao haijawahi kurekodiwa. Huwaomba wagonjwa wasiamue jambo lolote la maisha kwa kutegemea jibu hilo, na warudi baada ya muda ili lisomwe upya.

Dada aliniuliza kama naye anayo. Nilimweleza kwamba uwezekano wake ni nusu kwa nusu, kwamba kwa mtu mzima asiye na dalili tunatanguliza ushauri nasaha kabla ya kuchukua damu, kwamba ana haki ya kutotaka kujua, na kwamba wanawe walio chini ya miaka 18 hatuwapimi. Kisha akauliza, kama anayo, ataugua lini, na hilo sikuweza kumwambia. Akaiomba karatasi mpya, akaikunja pamoja na ile ya zamani, akasema atawaita ndugu zake upya wiki hiyo hiyo. Kuhusu damu yake mwenyewe, ataamua baadaye.