Aliyekuja na Kikohozi Naye Apimwe Presha

Mgonjwa anayefika kituo cha afya na kikohozi huonwa, huandikiwa dawa, huichukua dirishani na kurudi nyumbani. Ikiwa ana umri wa miaka 45 na hajawahi kupimwa shinikizo la damu, huenda ameondoka na ugonjwa mkubwa kuliko ule uliomleta. Kinga tumezoea kuifikiria kama siku ya mahema, fulana na vipimo vya bure, ilhali mahali pake hasa ni katika mahudhurio haya ya kawaida. Katika hili, lawama ya kwanza ni yetu sisi watoa huduma.

Shinikizo la juu la damu, ambalo mitaani huitwa presha ya kupanda, kwa kawaida halina dalili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni 1 wanaishi nalo, na zaidi ya 4 kati ya kila 10 hawajijui. Wapo wanaoamini kwamba presha ni ya wanene au wenye mawazo mengi, na kwamba lazima kichwa kiume. Wakati wakisubiri kichwa kiume, mishipa ya damu, moyo na figo vinaendelea kuharibika, na wengine hugundulika siku wanapopata kiharusi.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache, ila kina masharti yake. Mtu aliyesimama kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo, akapanda ngazi na kufungwa kitambaa cha mashine papo hapo, atatoa namba isiyo yake. Apumzike kwa dakika 5 akiwa ameegemeza mgongo, nyayo ziwe chini na mkono uwe usawa wa moyo, asizungumze, na awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Mwenye mkono mnene afungwe kitambaa kikubwa zaidi, kwa kuwa kinachombana huipandisha namba. Kipimo kirudiwe; na kikifika 140 kwa 90 au zaidi, kithibitishwe siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa ana ugonjwa, isipokuwa namba ikiwa juu mno au kukiwa na dalili za hatari.

Kuhusu chumvi, kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile iliyo ndani ya ng'onda, viungo vya pakiti na mihogo ya Coco Beach. Aliyeanzishiwa dawa naye asiziache kwa sababu namba imeshuka. Imeshuka kwa sababu anazimeza.

Utaratibu huo huo wa kumpima mtu aliyekuja kwa jambo lingine unafaa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Chanjo yake ilianza kutolewa Tanzania nzima mwaka 2018, na tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja. Mama yao hapaswi kusahauliwa: anapokuja kwa ajili ya uzazi wa mpango, mlango wa kizazi unaweza kupakwa siki maalumu inayogeuza sehemu yenye mabadiliko kuwa nyeupe, na mara nyingi, palipo na vifaa, sehemu hiyo hutibiwa siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani.