Kwa nini kinyesi hupauka macho yanapogeuka manjano?

Pande za Kisumu, mtu akiwa na macho ya manjano huambiwa ni malaria. Si porojo: ukanda wa ziwa una malaria nyingi, na ikiwa kali huweza kuyageuza macho, sawa na sikoseli na homa ya ini. Basi dawa hununuliwa, na macho yasipobadilika hununuliwa nyingine. Tatizo ni kudhani manjano yote yana chanzo kimoja. Dokezo zuri liko chooni, ambako wengi hatuangalii.

Chembe nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Ikivunjwa huacha rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huifanya iyeyuke majini, kisha huimwaga pamoja na nyongo kupitia mrija mwembamba hadi utumboni. Huko bakteria huigeuza, na ndiyo inayokipa kinyesi ukahawia wake. Ugali na omena hawahusiki.

Sasa chukua mfereji wa mashamba ya mpunga ya Ahero. Tope likiuziba katikati, majaruba ya chini hukauka, nayo maji ya juu hupanda kingo yakatafuta pa kupitia. Saratani ya mrija wa nyongo huziba vivyo hivyo. Chini, utumbo hukosa rangi na kinyesi hupauka. Juu, bilirubini hurudi kwenye damu, hupaka macho, kisha hupenya figo na mkojo ukawa wa kahawia iliyokolea. Mwili nao huwasha bila vipele. Kwa nini hasa, wataalamu bado wanabishana.

Malaria haizibi mrija huo wa nyongo. Huvunja chembe nyingi kwa mpigo huku mfereji uko wazi, kwa hiyo kwa kawaida kinyesi hakipauki. Mkojo peke yake usikudanganye, maana malaria kali nayo huweza kuufanya mweusi.

Hata hivyo, kinyesi kilichopauka husema tu kwamba nyongo haifiki utumboni. Huenda ni kijiwe kwenye mrija, mara nyingi kikiandamana na maumivu makali, au uvimbe wa kongosho. Hata homa ya ini huweza kukipausha kwa muda. Saratani ya mrija wa nyongo ni adimu, na mara nyingi manjano yake huja bila maumivu, mtu akikonda na kukosa hamu ya chakula. Daktari huanza na kipimo cha damu na ultrasaundi, inayoonyesha mirija iliyotanuka juu ya kizuizi. Tena uvimbe ukiziba tawi moja tu ndani ya ini, upande wa pili huweza kuibeba kazi yote, macho yakabaki meupe pe.