Mrututu hauozi: yanayosemwa kuhusu dawa ya kahawa iliyobaki ardhini

Kwenye vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani yenye kahawa na migomba, dawa za shaba zimepulizwa kwa miongo mingi kuikinga kahawa na magonjwa mawili ya ukungu: chulebuni, unaoharibu matunda, na kutu ya majani. Wengi huziita mrututu (salfeti ya shaba) tu, hata zile ambazo si mrututu wenyewe. Siku hizi mibuni inang'olewa, panapandwa nyanya na mboga, na maneno yamekuwa mengi.

"Mvua ikinyesha, dawa imekwisha."
Imekwisha kwenye jani. Mvua huishusha chini ya mbuni, na hapo inakaa. Viuatilifu vingi vya kisasa huvunjwavunjwa polepole na vijidudu vya udongo, lakini shaba ni elementi: haiozi wala haivunjwi. Hunata kwenye mboji na mfinyanzi, katika kina kilekile cha jembe. Piga hesabu ya mfano: kilo 4 za shaba kwa hekta kila mwaka, kwa miaka 50, ni kilo 200. Udongo wa juu wa hekta hiyo, sentimita 20 kwenda chini, una kama kilo milioni 2. Umeongeza miligramu 100 katika kila kilo ya udongo.

"Mimi niliacha kupuliza zamani."
Jimbo la Washington, Marekani, wakulima wa matufaha walitumia aseneti ya risasi, dawa ya wadudu yenye aseniki na risasi, hadi miaka ya 1940. Aseniki na risasi wanazipima mpaka leo, tena viwanjani palipojengwa nyumba. Hizo mbili ni hatari kuliko shaba, ila ukaidi wao ni uleule.

"Basi ndizi za hapo ni sumu."
Hofu hii nayo imezidi. Mwili wenyewe unahitaji shaba kidogo, na ikizidi ardhini mizizi huizuia nyingi isipande juu. Mmea utadumaa kabla mlaji hajadhurika. Wanaoumia kwanza ni nyungunyungu, vijidudu na miche michanga. Na kondoo! Ini lake hulimbikiza shaba kuliko la mbuzi au ng'ombe, kwa hiyo nyasi zilizokatwa chini ya mibuni iliyotoka kupulizwa asipewe.

"Kilimo hai kinairuhusu, kwa hiyo haina neno."
Kinairuhusu kwa kipimo. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7.

"Dawa yake ni kuhama shamba."
Uhamie wapi? Shaba husumbua zaidi udongo wenye tindikali, hivyo chokaa, au hata majivu ya jikoni, huifunga. Samadi na mboji nazo huishika. Ukipeleka udongo maabara, usichanganye sampuli ya chini ya mibuni na ya katikati ya mistari, maana shaba imerundikana zaidi chini ya matawi. Na kama bado unalima kahawa, ulizia miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania iliyoko Lyamungu, inayostahimili chulebuni na kutu. Hiyo haihitaji mrututu kila msimu.