Vita vya Iraq: mafuta yalikwenda kwa nani?

Wengi wanaamini kwamba Marekani iliivamia Iraq mwaka 2003 ili ichote mafuta na kuyapeleka kwao. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, ila inakosea penye uzito.

Tuangalie zabuni za mwaka 2009, ambapo Iraq iligawa kazi ya kuchimba mafuta kwa kampuni za nje. Rumaila, eneo kubwa kuliko yote ya mafuta nchini humo, lilikwenda kwa kampuni za BP ya Uingereza na CNPC ya China. Walikubali ujira wa dola 2 kwa kila pipa la ziada watakalozalisha. Mafuta yenyewe yakabaki mali ya Iraq. West Qurna 2, eneo jingine la mafuta, ilichukuliwa na Lukoil ya Urusi, nchi iliyopinga vita hiyo waziwazi. Exxon Mobil ya Marekani ilipata West Qurna 1, ndiyo, lakini nayo kwa ujira wa pipa.

Je, mafuta hayakuhusika? Yalihusika sana. Januari 1980, Rais Jimmy Carter alitangaza kwamba nchi yoyote ya nje ikijaribu kuitawala Ghuba ya Uajemi itazuiwa, hata kwa nguvu za kijeshi. Na Baghdad ilipoanguka Aprili 2003, wanajeshi wa Marekani walilinda Wizara ya Mafuta huku Makumbusho ya Taifa yakiporwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Kinacholindwa zaidi na Marekani ni njia: meli za mafuta ziendelee kupita Hormuz, mlango mwembamba wa bahari wa kutokea Ghuba hiyo. Bei hupangwa na soko la dunia, kwa hiyo Ghuba ikifungwa, anaumia hata asiyenunua pipa moja kutoka huko.