DVD Haina 4K: Maneno Ninayoyarudia Kila Msimu wa Filamu za Wanafunzi

Ikikaribia tarehe ya kukabidhi kazi za mwisho vyuoni, mlango wangu haufungwi. Wanafunzi wa filamu wanakuja niwachomee DVD, na flashi, na hadi diski zilizofungwa kwa mpira wa kubania noti, wengine na simu tupu. Karibu wote wana sentensi moja: "Kaka, nimeshuti 4K, kwa hiyo DVD nayo itoke 4K." Nikisema haiwezekani wananitazama kama nataka kuongeza bei. Nimechoka kueleza mmoja mmoja. Someni hapa.

"Nimeshuti 4K, DVD itatoka 4K"

Haitatoka. Wala haitatoka HD, ambayo iko chini ya 4K. DVD ya video ina vipimo vyake, vilishapangwa kabla haijaingia sokoni Japani mwaka 1996, na havijabadilika. Kwa mfumo wa TV wa PAL, ambao ndio wetu Tanzania na Kenya, fremu, yaani picha moja moja ya filamu, ni pikseli (vidoti vya picha) 720 kwa 576. Hakuna setingi iliyofichwa mahali, hakuna programu ya kulipia itakayoivusha hapo, na hakuna fundi Kariakoo mwenye siri yake.

Pigeni hesabu. Fremu ya 4K, 3840 kwa 2160, ina pikseli 8,294,400. Fremu ya DVD ina 414,720. Gawanya: ni mara 20 kamili. Hata HD ya 1920 kwa 1080 ni mara 5 ya DVD. Maana yake kila pikseli 20 ulizoshuti zinageuka moja. Kubishana namna ya kuziingiza zote ni kupoteza muda. La kujadili ni namna ya kuzipunguza, kwa sababu ubora wa DVD unapatikana hapo au unapotelea hapo.

Mhusika wako amevaa shati la drafti ndogondogo. Kwenye kioo cha laptopu linapendeza. Likipunguzwa vibaya, kila anapogeuka shati linatambaa kama lina siafu. Mabati ya nyumba za nyuma, nondo za dirisha, kanga yenye nakshi za karibukaribu, vyote vinametameta kamera ikisogea. Mwanafunzi anaona, anasema DVD mbovu. Kumbe mistari iliyo myembamba kuliko pikseli ya DVD imepunguzwa bila kulainishwa kwanza. Programu nyingi za uhariri zina chaguo la kurenda (kutoa filamu iliyokamilika) kwa ubora wa juu kabisa wakati wa kubadili ukubwa, na mara nyingi linakuja likiwa limezimwa. Liwasheni. Anayetumia programu inayomruhusu kuchagua kichujio, achague Lanczos au bicubic. Picha itatoka laini kidogo, ndiyo, na itatulia. Mimi nachukua laini iliyotulia siku yoyote mbele ya kali inayotetemeka, hasa kwenye TV ya zamani, ambayo huchora mistari witiri na mistari shufwa kwa zamu. Humo mstari mmoja mwembamba wa mlalo unapepesa mpaka unaumiza macho.

Halafu majina ya mwisho. Sijui nani aliwafundisha kwamba sinema nzito lazima iwe na herufi nyembamba kama uzi, nyeupe juu ya nyeusi, ndogo za kukodolea macho. Herufi yenye kimo cha pikseli 30 kwenye mradi wa 4K inabaki na pikseli 8 kwenye DVD. Kwa pikseli 8, "a", "e" na "o" ni ndugu wa tumbo moja, na mama aliyekuja kuona jina la mwanawe haambulii kitu. Tumieni herufi nene zisizo na vikia. Kimo kisipungue pikseli 24 kwenye DVD, ambazo ni 90 kwenye 4K. Msiziweke pembeni kabisa pia, maana TV za zamani hukata kingo. Maandishi ya tafsiri yanafuata sheria hiyohiyo. Mwenye shaka apunguze picha moja hadi 720 kwa 576, aitazame akiwa amesimama hatua tatu nyuma. Kama hasomi, hakuna atakayesoma.

Je, kushuti 4K ni kazi bure? La. Kunakupa nafasi ya kukata na kusogeza picha wakati wa kuhariri bila hasara, chengachenga za usiku hupungua picha ikishushwa, na nakala mama inabaki na ubora wake kwa matumizi mengine. Anayetaka watu waione HD atoe pia MP4 ya 1080 kwenye flashi, au achome Blu-ray kama anayemkabidhi ana mashine yake. DVD ni ya mwenye deki.

Tena, hiyo 4K mnayoisema mara nyingi haipo. Mwanafunzi anarenda H.264, mfumo wa kubana video (kodeki), kwa bitireti ndogo, yaani data chache kwa kila sekunde, ili "isijaze simu". Anaituma kwenye kundi la WhatsApp ili mwongozaji aione. Mwongozaji anaipakua kutoka kundini, na hiyo ndiyo inayoletwa kwangu: "Hii hapa, faili kamili." Kamili gani? Imeshabanwa mara mbili. Kila kubana kunatupa taarifa na kuacha vibonge vya mraba, na kodeki inayofuata haijui kwamba vibonge si sehemu ya filamu, inatumia biti zake kuvihifadhi. MPEG-2 ya DVD ni kodeki ya zamani, haina biti za kupoteza. Ndiyo maana tukio la usiku, ukuta mweusi nyuma ya mhusika, linatoka kama limejengwa kwa tofali.

Ninachotaka ni nakala mama moja, itokayo moja kwa moja kwenye mradi: kodeki ya ProRes 422, au DNxHR kwa wasio na Mac. Kwa 1080 na fremu 25, ProRes 422 ni takribani megabiti 122 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya dakika 20 inakaribia gigabaiti 18. Ndiyo, ni kubwa, na inaingia kwenye flashi ya 32. Ikikataa kunakiliwa msiseme flashi imekufa: imefomatiwa FAT32, isiyopokea faili inayozidi gigabaiti 4. Ifomatini exFAT. Asiye na nafasi kabisa alete H.264 ya megabiti 50 kwa sekunde, nitavumilia. Kupitia simu, hapana.

"Diski haijajaa, kwa hiyo umebana ubora"

Hili la pili kwa kuniudhi, na wenye nalo huja wakiwa wamegeuza diski na kuutazama mduara uliochomwa. Diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Filamu ya dakika 20 kwa megabiti 8 kwa sekunde, na sauti yake, inachukua kama gigabaiti 1.2. Nafasi inabaki, na kuijaza hakuongezi kitu, kwa sababu DVD ina kikomo: video isizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na video pamoja na sauti zisizidi 10.08. Hata hapo sipendi kufika. Diski ya kuchoma nyumbani si sawa na ya kiwandani. Deki ya bei rahisi inahangaika kuisoma, na bitireti ikiwa ukingoni picha inaganda katikati ya kilio cha mama mzazi. Kwa filamu isiyozidi saa moja naweka 7 hadi 8, bila kubadilikabadilika, na simsikilizi mtu. Hesabu inaanza kubana kwenye filamu ndefu: saa mbili zinakuacha na kama megabiti 5 kwa kila kitu, na hapo ndipo bitireti inayobadilika, iliyorendiwa kwa mizunguko miwili, inapokuwa na kazi. Filamu ya mwanafunzi ya saa mbili, lakini, haina shida ya bitireti. Ina shida ya mkasi.

"PAL na NTSC ni habari za zamani"

Simu yako imeshuti fremu 30 kwa sekunde. PAL inataka 25. Programu inatupa fremu moja katika kila sita, mara tano kila sekunde, na kamera ikizunguka uwanja picha inakwenda kwa kuchechemea. Hilo halitibiki vizuri baadaye. Wekeni kamera kwenye 25 kabla ya kushuti, na shata kwenye 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo hata taa za mirija darasani hazitapepesa. Ukiwa umeshashuti 30, usilazimishe PAL: tengeneza diski ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, 720 kwa 480 na fremu 29.97. Deki nyingi zinazouzwa kwetu husoma zote mbili. Ijaribuni kwanza, lakini.

Wanaoshuti kwa simu wana balaa jingine: simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe kulingana na mwanga, na dakika ya kumi na tano midomo na maneno vinakuwa vimeachana. Badilini faili ziwe na kasi moja isiyoyumba kabla hamjaanza kukata. Mkija baada ya kukata, ni kazi mpya na bei mpya.

"Folda ya AUDIO_TS iko tupu, umenipa diski isiyo na sauti"

Iko tupu kwenye karibu kila DVD ya filamu duniani. Ni folda ya DVD za muziki. Sauti yako iko VIDEO_TS, ndani ya faili za VOB zilezile zenye picha. Chezesha diski kwanza, ndipo upige simu.

"Watu wamerefuka sura, imeharibika"

Umefungua VOB kwa programu isiyosoma alama ya 16:9 (picha pana). Pikseli za DVD si za mraba. Picha pana hukandwa ili iingie kwenye 720 kwa 576, na deki huinyoosha tena wakati wa kuionyesha. Ikiwa hata kwenye deki sura ni ndefu, basi alama ya 16:9 haikuwekwa wakati wa kurenda. Hapo una haki ya kurudi kwa aliyekuchomea. Usijaribu kujitengenezea mistari myeusi juu na chini ndani ya filamu yenyewe na kurenda kwa 4:3, umbo la TV ya zamani. Umetupa robo ya mistari, zinabaki 432 kati ya 576, kisha unaniuliza mbona haionekani vizuri.

"MP4 kwenye diski ni DVD"

Hiyo ni flashi ya duara. Deki nyingine zitaisoma, nyingine zitaandika tu kwamba hazitambui diski, na huwezi kujua ya mwalimu wako ni ipi. DVD ya video ina folda ya VIDEO_TS, na faili za IFO, BUP na VOB ndani yake. Programu ya HandBrake, mnayoitaja kila siku, haitengenezi hivyo. Kazi yake ni kutoa faili. DVD Styler inatengeneza na ni ya bure. Adobe Encore, nayo ya kutengenezea DVD, iliishia toleo la CS6, acheni kuitafuta kwenye Premiere ya sasa. Na niseme wazi: menyu yenye muziki na vipande vinavyocheza nyuma ya vitufe mnaipenda ninyi tu. Mwalimu anataka abonyeze, filamu ianze.

"Sauti ya DVD huwa chini"

Huwa chini kwa sababu ya setingi mbili za AC-3, mfumo wa sauti ya DVD, ambazo hakuna anayezifungua. Moja ni kiwango cha mazungumzo: programu nyingi huiacha kwenye -27, na deki inaitii kwa kupunguza sauti. Iweke -31, isiguse kitu. Nyingine ni ya kubana tofauti ya kelele na ukimya. Izime kabisa, la sivyo kwenye ukimya inainua kelele ya feni iliyokuwa imelala. Sauti yenyewe iwe ya kilohezi 48. Muziki mliochukua kwenye CD ni wa 44.1, ubadilisheni kabla ya kuchanganya.

"Choma haraka, naondoka"

Draivu ya kompyuta ikisema 16x haimaanishi uchome kwa 16x. Nachoma kwa 4x au 8x, kisha naiacha programu ihakiki diski yote, na mwenye haraka atanisubiri. Karatasi ya kubandika juu ya diski siweki: ikikaa upande inayumbisha diski, na joto la ndani ya deki linaibandua kona. Andika kwa kalamu ya diski isiyokwaruza, jina la filamu, dakika, na PAL au NTSC. Chomeni nakala mbili, ya pili kwenye diski ya chapa nyingine, na zote mzichezeshe mwanzo hadi majina ya mwisho kwenye deki ya mezani yenye umri. Laptopu inasamehe mno.